Nukta yenye thamani ya fedha: Jinsi desimali zinavyotamkwa kwa Kiingereza katika masoko ya Guangzhou

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaonunua bidhaa katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China, hukutana kila siku na jambo ambalo wengi wao walilipitia haraka shuleni: namna ya kuitamka kwa Kiingereza namba yenye nukta ya desimali, na namna ya kuielewa inapotamkwa na mtu mwingine.

Jambo hilo laonekana dogo. Lakini mnunuzi anayeagiza suruali 10,000 kwa bei ya yuan 3.50 kila moja atalipa yuan 35,000. Iwapo alisikia 3.05, alijiandaa kulipa yuan 30,500. Tofauti ya yuan 4,500 inatokana na sifuri moja, ambayo kwa Kiingereza yaweza kutamkwa kwa sauti fupi isiyozidi herufi moja.

Guangzhou ni mji mkuu wa jimbo la Guangdong, na ndiko yanakofanyika maonyesho ya biashara ya Canton, mara mbili kila mwaka tangu 1957. Wanunuzi kutoka Kariakoo mjini Dar es Salaam, Eastleigh na Gikomba mjini Nairobi, Kikuubo mjini Kampala, na hata Butembo mashariki mwa Kongo, wamekuwa wakifika huko kutafuta nguo, viatu, vipuri vya magari na vifaa vya umeme. Mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli ndiyo iliyojulikana zaidi kwa biashara hiyo, ingawa idadi ya Waafrika ilipungua kufuatia janga la Uviko-19.

Katika maduka hayo, muuzaji na mnunuzi mara nyingi hukutana katika Kiingereza ambacho si lugha ya mama ya yeyote kati yao. Kila mmoja huja na mazoea ya hesabu ya kwao, na nukta ya desimali ndiyo mahali ambapo mazoea hayo hugongana.

Kanuni ya msingi

Kwa Kiingereza, alama ya desimali husomwa "point". Tarakimu zilizo kabla ya alama hiyo husomwa kama namba nzima. Zile zinazofuata husomwa moja moja. Hivyo 3.14 ni "three point one four", na 12.75 ni "twelve point seven five". Kusema "twelve point seventy-five" husikika mara kwa mara miongoni mwa watu wanaojifunza lugha hiyo, lakini walimu huhesabu kuwa ni kosa.

Kanuni hiyo ina sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kihesabu. Nambari 3.5 ni kubwa kuliko 3.45, kwani sehemu tano za kumi ni nyingi kuliko sehemu arobaini na tano za mia. Mtu anayesoma "arobaini na tano" baada ya nukta humfanya msikilizaji adhani kuwa 45 imeizidi 5. Anayesoma tarakimu moja moja, "nne, tano", humpa kila tarakimu nafasi yake: ya kwanza ni sehemu za kumi, ya pili ni sehemu za mia, ya tatu ni sehemu za elfu.

Sababu ya pili ni ya sikio. Maneno ya Kiingereza ya 15 na 50, yaani "fifteen" na "fifty", hukaribiana mno, hasa panapokuwa na kelele. Ndivyo ilivyo pia kwa 13 na 30, au 16 na 60. Anayesema "point one five" huliondoa tatizo hilo, kwa sababu "one five" haiwezi kuchanganywa na "five oh".

Mfano wa usafirishaji waonyesha uzito wa jambo hili. Mizigo inayochangiwa kontena hutozwa kwa mita za ujazo, kipimo ambacho wafanyabiashara hukiita sibiemu. Ikiwa kila katoni ina ujazo wa 0.15, katoni 200 ni mita za ujazo 30, ambazo kwa hesabu zaingia katika kontena la futi 20 lenye ujazo wa takriban mita 33. Ikiwa mtu alisema "point fifteen" na mwenzake akasikia "point fifty", katoni zile zile zitahesabiwa kuwa mita za ujazo 100, kiasi ambacho hata kontena la futi 40 haliwezi kukibeba.

Sifuri yenye majina mengi

Sifuri ndiyo tarakimu inayowasumbua zaidi wageni wa Kiingereza, kwani ina majina kadhaa. Wamarekani wengi husema "zero". Waingereza hupenda "nought" inapokuwa mbele ya nukta, na "oh", kama jina la herufi O, inapokuwa nyuma yake. Hivyo 0.05 yaweza kusomwa "zero point zero five", "nought point nought five", au "point oh five".

Katika usemi wa mwisho, sifuri ya mbele imeachwa kabisa. Desturi hiyo ni ya kawaida: 0.5 mara nyingi huwa "point five" tu. Anayesubiri kusikia namba kabla ya nukta huenda akadhani kuwa amepitwa na neno.

Hatari kubwa ni "oh" fupi. Kitu cha dola 0.08, yaani senti nane, husomwa "point oh eight". Sauti hiyo ikimezwa, hubaki "point eight", senti themanini, ambayo ni mara kumi zaidi. Kosa la mara kumi kwa kawaida hujifichua lenyewe, kwa sababu bei huonekana ya ajabu. Yanayoumiza ni makosa madogo, kama lile la 3.05 na 3.50, ambapo bei zote mbili zinaaminika.

Jambo jingine la sarufi ni kwamba Kiingereza huweka nomino katika wingi baada ya desimali, hata pale kiasi kinapokuwa chini ya moja. Husemwa "zero point five metres" na "one point five metres". Lakini mtu akitumia sehemu badala ya desimali, husema "half a metre", nusu mita, kwa umoja.

Fedha zina kanuni yake

Kanuni ya kusoma tarakimu moja moja hulegezwa katika fedha. Bei ya dola 3.50 haisomwi "three point five oh dollars" dukani. Husomwa "three dollars fifty", au kwa ufupi "three fifty". Hapa senti huhesabiwa kama namba nzima, kwa kuwa hamsini ni idadi ya senti na si tarakimu za desimali.

Ufupisho huo una mtego. "Three fifty" yaweza pia kumaanisha 350, na "twelve fifty" yaweza kuwa 12.50 au 1,250. Mkazi wa Nairobi aliyezoea kusikia "three fifty" kwa maana ya shilingi mia tatu na hamsini huenda asifikirie senti hata kidogo. Wazungumzaji wa Kiingereza hutegemea mazingira: anayenunua kikombe cha chai anajua kuwa hakidaiwi dola 350. Lakini bei ya jumla ya kifaa ambacho mnunuzi hajawahi kukiona haina mazingira ya kumwongoza.

Michezo nayo ina desturi zake. David Rudisha wa Kenya alipoweka rekodi ya dunia ya mita 800 katika Michezo ya Olimpiki ya London, tarehe 9 Agosti 2012, muda wake ulikuwa dakika 1 na sekunde 40.91. Kwa Kiingereza muda huo husomwa "one forty point nine one": dakika na sekunde kama namba nzima, kisha sehemu za sekunde moja moja.

Muuzaji wa Kichina husema nini?

Kwa upande wa Kichina, kanuni ya desimali inafanana sana na ya Kiingereza. Alama ya nukta huitwa "dian", na tarakimu zinazofuata husomwa moja moja. Nambari 3.14 ni "san dian yi si". Muuzaji aliyesoma hesabu vizuri kwa Kichina hana sababu ya kukosea kanuni ya "point" kwa Kiingereza.

Tatizo huanza katika fedha. Yuan moja, ambayo mitaani huitwa "kuai", ina jiao kumi, zinazoitwa "mao", na kila jiao ina fen kumi. Bei ya 3.50 husemwa "san kuai wu", yaani kuai tatu tano, na neno "mao" huachwa. Bei ya 3.05 huongezwa neno "ling", sifuri: "san kuai ling wu". Muuzaji anayefasiri neno kwa neno husema kwa Kiingereza "three five", na mnunuzi hubaki akijiuliza kama ni 3.5, 3.05 au 35.

Mtego wa pili ni neno "wan", lenye maana ya elfu kumi. Wachina huhesabu namba kubwa kwa makundi ya elfu kumi, si ya elfu. Kwa hiyo 12,000 husemwa "wan moja nukta mbili", na 35,000 ni "wan tatu na tano". Mkalimani anayeharakisha huenda akasema "one point two thousand", na hapo 12,000 ikageuka 1,200.

Mtego wa tatu ni punguzo la bei. Kwa Kichina, neno "zhe" hutaja sehemu ya bei inayobaki kulipwa, wala si sehemu inayopunguzwa. "Ba zhe", nane, maana yake ni kulipa asilimia 80, yaani punguzo la asilimia 20. "Ba wu zhe", nane tano, ni kulipa asilimia 85. Mnunuzi anayeona tarakimu 8.5 juu ya tangazo asidhani kuwa amepunguziwa asilimia 8.5, amepunguziwa 15.

Zaidi ya hayo, katika lafudhi ya kusini mwa China, maneno ya nne na kumi, "si" na "shi", hukaribiana hata Wachina wenyewe huulizana mara mbili. Ishara za mikono nazo si salama: kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa pamoja, Mwafrika wa Mashariki huona mbili, ilhali Mchina anaonyesha nane.

Masikio ya Afrika Mashariki

Kiswahili kina neno lake, nukta, lenye asili ya Kiarabu, ambalo pia hutumika kwa alama ya kumalizia sentensi na, katika matumizi ya zamani, kwa sekunde. Watangazaji husoma 3.14 "tatu nukta moja nne", kwa kanuni ile ile ya tarakimu moja moja. Mitaani, hasa nchini Kenya, wengi husema "pointi".

Hata hivyo, katika maisha ya kila siku Mswahili hupendelea sehemu: nusu, robo, robo tatu, thuluthi. Mita moja na nusu huja ulimini kabla ya moja nukta tano. Aidha, senti zimetoweka katika matumizi ya kawaida nchini Tanzania na Uganda. Mtu aliyekulia katika soko ambalo bei ndogo ni mamia ya shilingi hana mazoezi ya kusikiliza kinachotokea baada ya nukta. Akifika Guangzhou, faida yake yote huenda ikawa imelala huko.

Kiswahili nacho kina utata wake. "Elfu kumi na tano" yaweza kuwa 15,000 au 10,005, kutegemea mahali msemaji anapopumzika. Neno laki, lililotoka India, huhesabu kwa mia elfu, na halilingani na wan ya Wachina wala milioni ya Waingereza. Mfanyabiashara anayebadilisha yuan kuwa shilingi kichwani hupita katika mifumo mitatu ya kuhesabu kwa wakati mmoja.

Kwa Wakongo, Warundi na wengine waliosoma kwa Kifaransa, kuna tofauti ya ziada. Wao hutumia mkato badala ya nukta: 3,14 badala ya 3.14, na husoma "virgule". Msumbiji, yenye urithi wa Kireno, hufuata mkato pia. Katika nchi kama Ujerumani, nukta ndiyo hutenga maelfu, kwa hiyo 1.500 ni elfu moja na mia tano. Kwa Mchina na Mwingereza, 1.500 ni moja na nusu.

Wazee wa Zanzibar na Muscat waliosoma tarakimu za Kiarabu wanajua jambo jingine: katika tarakimu hizo, sifuri yenyewe huandikwa kama nukta, na tano hufanana na duara la sifuri ya Kizungu. Alama moja hubeba maana tofauti kutoka bandari moja hadi nyingine.

Nukta ilitoka wapi?

Hesabu ya desimali haikuzaliwa Ulaya. Mwanahisabati wa China, Liu Hui, katika karne ya tatu, aliendeleza vipimo kwa kugawa kila kizio kwa kumi. Katika karne ya kumi, al-Uqlidisi aliandika mjini Damascus kitabu cha hesabu chenye visehemu vya desimali, na katika karne ya 15 al-Kashi wa Samarkand alizifafanua kwa upana. Simon Stevin, kutoka eneo ambalo leo ni Ubelgiji, alizieneza Ulaya kwa kijitabu chake cha mwaka 1585. Mwanzoni mwa karne ya 17, John Napier wa Scotland alisaidia kuipa nukta umaarufu miongoni mwa wasomaji wa Kiingereza.

Mwaka 2003, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kuwa nukta na mkato zote ni halali. Dunia haikuchagua alama moja.

Afrika Mashariki, kwa upande wake, ilikuwa na fedha za desimali kabla ya Uingereza. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa kwa pesa 64 hadi 1904, ilipoanza kugawanywa kwa heller 100. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1921, iligawanywa kwa senti 100 tangu mwanzo. Uingereza yenyewe iliendelea na shilingi 20 na peni 240 kwa kila pauni hadi tarehe 15 Februari 1971. Kwa nusu karne, mtoto wa shule wa Tabora au Kisumu alihesabu fedha za nyumbani kwa desimali wakati mwenzake wa London hakufanya hivyo.

Namna ya kujikinga

Suluhisho lililozoeleka zaidi Guangzhou ni kikokotoo, au kalkuleta kama wengi waiitavyo. Muuzaji hubonyeza bei, mnunuzi huifuta na kubonyeza yake, hadi wakubaliane. Mtaalamu wa isimu kutoka Ghana, Adams Bodomo, ameichunguza na kuieleza njia hii ya mawasiliano katika maandishi yake kuhusu Waafrika nchini China.

Kalkuleta huonyesha nukta mahali pake, lakini haionyeshi kizio. Haisemi kama 3.5 ni yuan au dola, kwa kipande kimoja au kwa dazeni, kwa katoni au kwa sibiemu. Tena makubaliano mengi siku hizi hufanyika kwa simu na kwa ujumbe wa sauti, ambapo hakuna kioo cha kutazama.

Kwa sababu hiyo, tahadhari chache zafaa kuzingatiwa:

- Taja kila tarakimu baada ya nukta peke yake, na tumia "zero" badala ya "oh".

- Usiache sifuri ya mbele. Sema "zero point five", si "point five".

- Taja kizio kila mara: yuan au dola, kwa kipande au kwa katoni.

- Usikubali bei ya maneno mawili kama "three five". Uliza ni yuan ngapi na jiao ngapi.

- Rudia bei kwa maneno yako, kisha taja jumla ya oda nzima. Kosa lililojificha katika bei ya kipande kimoja huonekana katika jumla ya vipande 10,000.

- Andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno katika ankara kabla ya kutoa malipo ya awali.

Pendekezo la kutaja jumla ndilo lenye nguvu zaidi, kwani halitegemei lafudhi ya mtu yeyote. Wawili wanaoafikiana kuwa suruali 10,000 zitagharimu yuan 35,000 wamekwisha kuafikiana kuhusu nukta, hata kama hakuna aliyeitamka vizuri.

Katika maduka mengi ya China, malipo ya simu yanapoingia, kisanduku kidogo cha sauti hutangaza kiasi kilichopokelewa, kikitaja "dian" na tarakimu zinazoifuata. Kwa mgeni aliyejifunza namba kumi za Kichina na neno hilo moja, hiyo ni nafasi ya kuhakiki alichokilipa. Lakini kufikia hapo fedha zimekwisha kuondoka. Wakati wa kuuliza ni kabla ya hapo.